Vioo Saba Chini ya Meza

Dada yangu mpenzi,

Sisi tupo. Paka amezaa ndani ya kabati lako, na jirani yetu mshona viatu ameacha sigara, kwa kuzikosa, si kwa kupenda.

Kazi ya fremu haijalala. Tangu uondoke tumebadilisha rais mara tatu, na kila ofisi inataka picha mpya ukutani. Siku hizi hata siitoi ya zamani. Naweka mpya juu yake, nafunga kioo, basi. Huyu wa sasa alianza kwa kutangaza ukubwa wa picha yake, halafu tulipolalamika kwamba mkate haupatikani akasema tumpe muda. Hatukumpa. Nyumba sita tunapika kwa jiko moja, kwa zamu, na vijana wakaandamana hadi ikulu.

Kitindamimba wetu alikuwa miongoni mwao. Wiki ya tano hii hajarudi. Mama ameniletea picha yake ya shule, anataka niiwekee fremu aitundike sebuleni, karibu na ile ya marehemu baba. Nimemwambia vioo vimekwisha, asubiri.

Vioo vipo, saba, chini ya meza yangu ya kazi. Ukimpigia simu, usimwambie.

Ni mimi kaka yako,
fundi fremu