Majivu ya Bibi

Hilaria,

Kipimio cha maji cha shamba la ngano kisisuguliwe tena! Kinasuuzwa kwa maji ya chupa tu, na ncha ya kioo ikae ndani ya dawa yake, isikauke.

Asubuhi nimemkuta bibi yako anakisugua kwa majivu kama sufuria. Eti ananisaidia hivyo kila Jumamosi! Hata kumwamkia nimesahau. Nikapima maji ya mvua, nacho kikaonyesha magadi, kumbe ni ya majivu yake. Na mimi ndiye niliyefungisha kisima cha kijiji cha Getanuwas kwa sababu ya magadi hayohayo! Wiki tatu wanawake wanateka maji mbali.

Bibi ~~ameniponza~~ mpe shikamoo yangu, uji wake nimeufunika. Naenda Getanuwas. Wakiuliza nani alikosea, nitasema ni mimi. Nawe useme hivyohivyo.

Mama