Ng'ombe wa Kuazima

Mama Lemayian,

Takwenya. Najua leo hutanijibu "Iko," lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila salamu. Ungeninunia mpaka jioni.

Naandika nikijua vizuri kwamba hukusoma. Karatasi zote zilizoingia nyumbani kwako, za kliniki, za kanisa, za chifu, nilikusomea mimi jirani yako Mkamba, na kila nilipomaliza uliniuliza kama sikuruka kitu. Sijui huko nani anakusomea. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu hapa Isinya sina mwingine wa kumwambia haya. Watoto wangu wameyachoka. Pasta ananiambia nimwachie Mungu. Nimemwachia, na bado nina hasira.

Mzee wako amerudi. Habari ya kifo chako tuliipeleka kwa wachunga ng'ombe, ikapita mdomo kwa mdomo mpaka ikamkuta upande wa Kilimanjaro alikokuwa amefuata nyasi, na alipofika tulikuwa tumeshakuzika. Ng'ombe aliorudi nao ni wachache, mbavu nje, wengine hawasimami mpaka wainuliwe kwa mkia. Alikuja kwangu, akaketi bila kuvua kofia, akauliza jambo moja tu: kama siku ya mwisho ulikuwa unakohoa. Nikamwambia hapana, ulilala umetulia. Ulikohoa mpaka ukashindwa kumeza maji, lakini hilo ningemwambia ili afanye nini?

Nilipohamia hapa kutoka Machakos, miaka ile ya tisini, niliona macho yako mekundu nikadhani wewe ni mlevi. Nilikuja kukwambia baadaye sana, ukacheka mpaka ukapaliwa. Sikuwa nimewahi kuingia nyumba kama yako. Uliijenga mwenyewe, fito kwa fito, ukaikandika samadi kwa viganja vyako, na dirisha lake lilikuwa dogo kuliko sahani ya chai. Moto uliwaka ndani tangu alfajiri. Mimi niliingia nimeinama, nikakaa chini kabisa karibu na mlango, machozi yakinitiririka, nawe ukaniuliza, "Mama Kioko, nani amekufa?" Kila mara uliniuliza hivyo. Kila mara ukacheka mwenyewe.

Unakumbuka yale majiko ya udongo? Walikuja watu wakatufundisha kujenga jiko la kuni chache, na kweli kuni zilipungua. Sikatai. Lakini lilitaka kuni zilizopasuliwa vijiti vijiti, na wewe ulikuwa unaburuta gogo zima la mgunga kutoka bondeni. Siku ya harusi ya Lemayian ulilibebesha sufuria ya pilau, likapasuka katikati. Ukalitoa nje na kuku wako akataga ndani. Ulisema angalau limesaidia mtu.

Halafu serikali mpya ikaingia, na wote tukawa na matumaini kama watu waliorukwa na akili. Chifu aliitisha baraza. Kijana wa serikali akasimama akatueleza kuna ruzuku, kwamba kikundi cha akina mama kitakachochimba shimo na kuleta mchanga na mawe, serikali itakilipia saruji, mabomba na fundi wa kujenga tangi la gesi ya samadi. Unaweka mavi ya ng'ombe huku, kule unawasha moto usio na moshi. Ulinifinya mkono. Ulisema, "Hiyo ni uongo, lakini tuchimbe."

Nyumba ya kwanza iliyochaguliwa ni yako, na hakuna aliyepinga, hata yule Mama Saitoti anayepinga maombi ya kufunga mkutano. Kila mtu alikuwa amesikia kifua chako. Nesi alikuwa ameshakwambia wazi: toka kwenye moshi, la sivyo moshi utakutoa wewe. Karatasi aliyoiandika uliniambia niirudie kuisoma, na mara ya pili hukuniuliza kitu.

Tulichimba. Juu udongo mweusi unaonata kwenye jembe, chini yake mwamba. Tuliupiga kwa mtaimbo mpaka mikono ikachunika. Wewe tulikukataza kushika hata jembe, basi ukaketi kando na chupa ya chai ukitutukana. Ulisema Wakamba tunachimba kama panya. Sijawahi kuwa na furaha kama siku hizo, na nakwambia leo kwa sababu wakati ule nilijifanya nimekasirika.

Sharti lilikuwa moja. Boma liwe na ng'ombe wanaolala nyumbani, samadi isikose. Ungekuwa mwaka mwingine, hilo si sharti. Lakini mvua ilikuwa imekatika, mzee wako ameshaondoka na karibu wote, na nyuma walibaki wale wasioweza kutembea. Maofisa hawa huhesabu ng'ombe na kusahau kwamba wana miguu.

Asubuhi ya ukaguzi nilifika kwako nikakuta boma limejaa. Nilidhani mzee amerudi. Kumbe ulikuwa umezunguka kwa kaka zako na kwa mashemeji, umeazima huyu, umeazima yule, wamelala kwako, samadi mbichi imetapakaa kila mahali. Ulikuwa umevaa shanga zako zote. Nilipokukodolea macho uliniambia, "Mgeni anakuja, boma haiwezi kuwa tupu." Wala hukuona umedanganya. Kwenu ng'ombe wa kaka yako ni wako, na akilala kwako mavi yake ni yako. Sasa nani angebisha?

Yule kijana alikuja na viatu vizuri. Akauliza, "Mama, mko na ng'ombe ngapi?"

Ukamjibu, "Ziko."

"Ngapi?"

"Ziko. Si unaona?"

Nilimweleza kwa upole kwamba Mmaasai hataji idadi ya ng'ombe wake, kwamba ukiwahesabu unawaita kifo. Akatabasamu. Alisema karatasi inataka namba. Basi akainua kidole, akaanza kuwaelekezea mmoja mmoja, midomo ikicheza. Wewe ukajifunika uso kwa shuka. Nakumbuka sauti yako chini ya shuka ile: "Mama Kioko, mwambie awache. Anataka kuziua?" Nilimwambia. Akamaliza kuhesabu, akatushukuru, akanywa chai yako yote.

Jibu lilikuja kwa chifu, nami nikakusomea. Lilisema boma lako ni la watu wanaojiweza, na ruzuku ni ya wasiojiweza. Eti uuze ng'ombe kidogo ujenge.

Watu wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Wako walizaana usiku mmoja, wakakufukuza kwenye foleni ya maskini.

Tulikwenda Kajiado pamoja. Pale ofisini kwa yule kijana walikupa kiti ukakataa kukaa. Ulisimama mbele ya watu wasiokujua, wanaume wengine wa kwenu wakiwa pale wanasubiri zamu yao, ukasema kwa Kiswahili chako cha polepole, "Hizo ng'ombe si yangu. Mimi sina." Mimi si Mmaasai lakini niliona wale wanaume wakitazama chini. Najua ulichokitoa siku ile. Ungevuliwa shuka usingeaibika hivyo.

Na yule kijana hakuwa mbaya, hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mla rushwa ningemlaani nikapumua. Alikusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mamake, "Lakini mama, kama ziko nyingi, unaweza jijengea. Na kama haziko, mavi ya kuweka kwa tangi utatoa wapi?"

Mpaka leo natafuta jibu la swali hilo. Nalitafuta nikiosha vyombo, nikiteka maji, nikiwa kanisani pasta anahubiri. Sijalipata. Ukiwa nao wewe ni tajiri mno, usipokuwa nao wewe ni maskini mno, na mtu wa kiasi kinachotakiwa sijui anaishi wapi.

Kumbe anaishi Kitengela. Ruzuku ilikwenda huko, kwa familia yenye ng'ombe wa gredi, wa maziwa, wanaofungiwa bandani na kuletewa nyasi mdomoni. Sisemi hawakustahili. Baada ya kukuzika nilikwenda kuuona huo moto, kwa sababu nilitaka kujua ni kitu gani tulichimbia. Mama wa pale alinipokea vizuri. Akafungua bomba, akawasha kiberiti, pakatokea moto wa bluu, kimya kabisa. Jikoni kwake pamepakwa rangi nyeupe na ni nyeupe bado. Alinichemshia chai nikashindwa kuinywa. Aliniuliza kama ina sukari nyingi. Nikamwambia ndiyo. Wewe ungesema ni chai ya hospitali, haina moshi, haina ladha. Ungeitukana na ungeinywa, na ungekuwa hai.

Siku ile tuliporudi kutoka Kajiado, tulipofika kwenye lango lako ulisema, "Ng'ombe wamesikia." Nikakuuliza wamesikia nini. Ukasema wamesikia umewakana. Wale wachache waliobaki nyumbani walikufa kiangazi hicho hicho, na hukushangaa, uliwachuna ngozi na kukohoa. Nilikwambia ni njaa, si maneno. Ukaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. Nilikukasirikia, na bado nimekukasirikia kidogo, kwa sababu tangu siku hiyo uliacha kubishana na kile kikohozi. Nesi alikuita hukwenda. Nilikuletea dawa ukaiweka darini. Mnyonge hana haki, nilijua, lakini sikujua anaweza kuamini hivyo mwenyewe.

Shimo mzee amelizungushia miiba, mbuzi wasitumbukie. Kikundi hakikutani tena. Mama Saitoti anapinga peke yake nyumbani.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae niandike.

Nasieku, mke wa Lemayian, bado anaishi nyumbani mwako. Alitaka kujenga yake, lakini samadi ya kukandika ataitoa wapi na ng'ombe ndio hao wachache? Kwa hiyo anapika pale pale ulipopika, mtoto mgongoni. Juzi nilikuwa nateka maji kwenye tangi la kanisa nikasikia unakohoa nyuma yangu. Kikohozi chako kabisa, kile kikavu kinachoanza kidogo halafu kinakataa kuisha. Nikaangusha ndoo. Mama Lemayian, nilifurahi. Kabla sijageuka, kabla sijakumbuka chochote, nilifurahi mwili mzima.

Alikuwa Nasieku.

Nilimwambia apikie nje. Amejaribu, unaujua upepo wa hapa, unapeperusha moto mpaka ugali unabaki mbichi. Nilimwambia Lemayian atoboe dirisha. Akasema kikohozi ni cha vumbi tu, kitapita. Nilipomkazania akasema ukuta ule ni wa mamake. Na Nasieku naye hawezi kuugusa, mkamwana atabomoaje kazi ya mkono wa mavyaa, tena aliye kaburini? Nimetazama. Pale ndani karibu na moto viganja vyako bado vinaonekana kwenye ukuta, vidole na vyote, jinsi ulivyokuwa ukikandika.

Nilimuuliza nesi kama dirisha litasaidia. Akasema litapunguza. Nikamuuliza litapunguza kiasi gani, akaita mgonjwa mwingine.

Ruzuku nyingine sijaisikia, na ikija siendi barazani. Sitakuahidi gesi. Sitakuahidi kwamba Nasieku atapona, nilishakuahidi hivyo wewe mara moja mbele ya kitanda chako na uliona. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo na hutakipenda. Jumamosi mzee atakuwa malishoni na Lemayian atakuwa mnadani. Nitamtuma Nasieku dukani na mtoto. Nitaingia kwako na ule mtaimbo tuliochimbia, nitapanua kile kitundu chako mpaka mtu aweze kutoa kichwa. Wakirudi wanitukane mimi, mimi si wa ukoo, nimezoea.

Viganja vyako viko upande huo huo, Mama Lemayian. Nimepima kila namna, siwezi kuvikwepa. Nitaanza navyo.

Sere, dada yangu. Lala.

Mama Kioko