Jua Linapita Kwako Kwanza

Runyenjes, Embu
22 Januari 1956

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Sisi tu wazima. Mama ni mzima, na yule mbuzi mmoja aliyebaki ni mzima na bado mkorofi. Je, wewe? Kifua kimeacha kukubana? Unakula ukashiba?

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu tumeambiwa barua ya Kiembu haitakufikia huko kizuizini. Yule bwana anayezisoma kabla yako hakielewi. Basi nimsalimie na yeye: hujambo, bwana.

Mama ana maswali mawili. La kwanza, uko wapi? Najua huruhusiwi kulijibu, lakini amesema niliandike hivyo hivyo. La pili ni la kupanda. Tangu tuhamishiwe hapa kijijini, ndani ya ua na handaki, lango hufunguliwa kwa zamu. Hedimani Njura, mkuu wa kijiji, anataka kila nyumba itaje siku yake moja ya kupanda, tena wiki mbili kabla. Siku hiyo ikipita, basi. Msimu uliopita Mama alibahatisha. Alipanda mapema mno, kwale wakafukua wimbi karibu lote kabla mvua haijafika. Mbegu zimebaki kibuyu kimoja tu.

Wewe ulikuwa ukisimama uani mchana, ukitazama miguu yako. Siku kivuli chako kilipomezwa chini ya nyayo ulisema, "Keshokutwa tunapanda," na watu wote hadi mtoni walipanda. Lakini ilikuwa tarehe gani, Baba? Hakuna aliyeiandika. Tuambie.

Mwanao,
Wawira


Kambini
19 Februari 1956

Mama yangu Wawira,

Salamu sana. Nimepata barua yako na nimeisoma mwenyewe! Mwandiko huu unaoyumba ni wangu. Bundi, mtu wa Meru ninayelala naye safu moja, amenifundisha herufi, na mimi ninamfundisha kunyamaza. Yeye ni mwalimu bora kuliko mimi. Kifua kiko sawa. Chakula tusikizungumzie.

Swali la kwanza: mwambie mama yako niko chini ya jua.

Swali la pili nalijua vizuri. Zamani sikujali tarehe, nilitazama miguu yangu tu. Lakini hapa kuna kalenda ukutani mwa stoo, nami sina kazi nyingine ila kuhesabu siku. Mwaka jana kivuli changu kilimezwa tarehe kumi na tatu Machi. Pandeni tarehe kumi na tano, hiyo hiyo. Katika jambo hili sijawahi kukosea, na mama yako ni shahidi.

Kukuita mama sitaacha. Jina la mama yangu hukupewa bure.

Baba yako,
Nthiga


Runyenjes
2 Aprili 1956

Kwa Baba mpendwa,

Hatujambo, tena sana. Naomba msamaha kwanza, halafu nitakueleza ni wa nini.

Mama alimpa hedimani tarehe yako, kumi na tano. Tarehe kumi na tatu mchana nikasimamisha kijiti uwanjani pa shule, kirefu kama mimi, nikangoja jua lifike juu kabisa. Baba, kivuli kilikuwepo! Upana wa vidole vinne, kimelala upande wa mlima, kaskazini. Nikakimbia nikamwambia Mama.

"Baba yako hajawahi kukosea," akasema. "Kijiti chako kimepinda."

Kesho yake aliomba ruhusa pale wanapochimba handaki, akaja na uzi aliofungia jiwe, akakinyoosha kijiti mwenyewe. Kivuli kikabaki pale pale. Akakipima tena kwa vidole vyake. Mimi niliogopa, kwa sababu tukikosea tena hatuna mbegu nyingine, na aliyesema tarehe kumi na tano ni wewe, na aliyesema bado ni mimi.

Jioni akaenda kwa mama Nelius, jirani yetu, ambaye siku yake ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Yeye anapanda viazi vitamu kule bondeni kwenye maji, siku yoyote kwake ni sawa. Wakakubaliana kubadilishana. Hedimani akafoka, "Tangu lini wanawake wakabadilishana siku?" Mama akamjibu, "Mzee, tumebadilishana siku, si waume." Hata homgadi anayelinda lango alicheka, na hedimani akaandika.

Tarehe ishirini kijiti hakikuwa na kivuli hata kidogo. Tarehe ishirini na mbili tukapanda. Tarehe ishirini na tano mvua ikashuka, Baba, mvua ya kelele! Leo wimbi limeota mistari yote. Mama anaimba, na unajua anavyoimba vibaya.

Mwanao,
Wawira


Kambini
6 Mei 1956

Mama yangu Wawira,

Salamu kwako na kwa mama yako mwimbaji. Barua yako ilinifanya nicheze mbele ya watu, mzee mzima. Bundi aliuliza kama nimeachiliwa. Nikamwambia wimbi limeota. Akacheza na yeye, ingawa wimbi si lake.

Lakini nitakuambia yaliyo moyoni. Mwaka huu pia nilisimama. Tarehe kumi na tatu kivuli changu kilimezwa, na Bundi alishuhudia. Jua lenu ni lipi na langu ni lipi? Ng'ombe walichukuliwa, nyumba ikabomolewa. Nikajiambia nimebaki na kitu kimoja ambacho hakuna awezaye kukichukua: kujua siku ya kupanda. Sasa naona hata hicho kimenitoka. Kama macho yamezeeka niambie tu, sitakasirika. Pengine nitakasirika kidogo.

Baba yako,
Nthiga


Runyenjes
3 Juni 1956

Kwa Baba mpendwa,

Salamu, salamu, na tena salamu! Macho yako ni mazima. Hukukosea, na mimi sikukosea. Kaa chini usome polepole.

Nilimpelekea Mwalimu Kirimi fumbo lako. Kwao ni Meru, na yeye hufundisha akitembea huku na huku mpaka shingo zinatuuma. Alisema Desemba jua huwa mbali kusini. Kisha kila siku linasogea kidogo kuja kaskazini, mpaka Juni, halafu linageuka na kurudi. Kila mahali lina siku yake ya kupita juu ya vichwa vya watu, na siku hiyo ndiyo vivuli humezwa. Kwao Meru, ambako ikweta inapita, linafika siku moja hivi baada ya kwetu. Kwako linafika siku saba kabla ya kwetu.

Baba, jua linapita kwako kwanza, ndipo lije kwetu!

Mwalimu anajua jua linasogea maili ngapi kwa siku, na ana ramani. Aliyoyasema akiwa ameweka kidole kwenye ramani siyaandiki, bwana anayesoma asije akachoka. Ila swali la kwanza la Mama limejibiwa, na wewe ndiye uliyelijibu.

Mama alipoelewa alilia, halafu akacheka, halafu akaniuliza tena kusini ni upande gani. Sasa kila jioni anageuza kigoda chake kusini. Majirani wanamcheka, naye anawashinda kwa kucheka. Anasema mwaka mzima alikuwa akikuombea amekupa kisogo.

Septemba jua likirudi litaanzia kwetu. Tarehe ishirini na nne litakuwa juu ya Mama. Wewe ongeza siku saba, usimame uwanjani.

Mwanao,
Wawira


Kambini
7 Oktoba 1956

Mama yangu Wawira,

Salamu kutoka kwa baba mwenye macho mazima.

Limefika. Jumatatu, tarehe mosi, mchana, nilisimama, na Bundi akasimama, na waliosikia habari zako wakasimama, karibu watu arobaini, kila mmoja akitazama miguu yake. Askari akaja mbio kuuliza tumepoteza nini. Nikamwambia hatujapoteza kitu, tumepokea. Mwambie mama yako nililipata likiwa bado na joto.

Habari nyingine. Majina yamesomwa na langu limo. Wiki ijayo nahamishwa. Wengine hupelekwa mbali zaidi, wengine karibu na nyumbani, na hatuambiwi. Hata nikiambiwa, nitakatazwa kukutajia. Lakini Machi nitasimama tena, popote nitakapokuwa, nikuandikie tarehe. Hesabu ni yako.

Baba yako,
Nthiga


Runyenjes
13 Januari 1957

Kwa Baba mpendwa,

Sisi hatujambo. Wimbi la Oktoba lilikubali, na safari hii nusu ya kijiji walikuja kuniuliza siku, hedimani mwenyewe akiwemo. Alijifanya anapita tu.

Barua yangu ya Novemba imerudishwa, imeandikwa juu kwamba hupo hapo tena. Hii naituma kwa ofisi iliyotupa anwani ya kwanza, huenda wakakutafuta. Mama amesimamisha kigoda ukutani. Anasema hatakikalia mpaka ajue akigeuze wapi. Nami namtania, lakini usiku naogopa kama yeye.

Tarehe yetu ni ishirini Machi. Ishirini, Baba. Ya kwako ikiwa ya mapema tutajua uko kusini. Ikichelewa tutajua umetupita kwenda kaskazini. Andika hata neno moja.

Mwanao,
Wawira


Kambini
20 Machi 1957

Mama yangu Wawira,

Natumaini nyote mu wazima. Mimi ni mzima kabisa.

Leo, tarehe ishirini, mchana nimesimama uwanjani nikatazama miguu yangu. Kivuli hakuna.

Baba yako,
Nthiga