Kiti cha Nyuma cha Kibasi Cheupe

4 Februari

Mwanangu kifungua mimba,

Pokea salamu zangu nyingi, halafu unijibu haya kwanza: hujambo? Kifua kimeacha kukusumbua? Unakula, au bado unakunywa chai kwa mkate na kuviita chakula cha jioni? Mimi mzima, isipokuwa sikio la kulia nalo limeamua kumfuata mwenzake. Ile simu uliyopiga mwezi uliopita nilisikia mvumo tu, nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" bila kujua nakubali nini. Kama kulikuwa na jambo la maana, liandike. Kwenye karatasi bado nasikia vizuri.

Nina shauri nataka tulipime pamoja. Karibu na stendi pamefunguliwa uwanja wa magari ya mtumba yanayotoka ng'ambo, na kuna kibasi kimoja cheupe kimenikaa rohoni. Kina viti vinane, mlango wake wa ubavuni ni wa kusukuma. Sikudanganyi, kimekula chumvi nyingi. Lakini kimesimama vizuri, na bei yake si ya kumtoa mtu jasho.

Faida nazipima hivi. Mimi ni fundi wa makochi, na kochi halibebwi kichwani. Kila nikimaliza kazi inabidi nimnyenyekee mwenye mkokoteni, ambaye siku hizi ameshajua kuwa namhitaji na amepandisha mabega. Mvua ikinyesha njiani, kitambaa cha mteja kinalowa na lawama zote zinakuja kwangu. Nikiwa na kibasi, nang'oa viti vya nyuma, napakia kochi, nalifikisha likiwa kavu. Tena magari ya zamani ni rahisi kutengeneza, hayana zile kompyuta zinazowatoa mafundi kijasho. Na Desemba ukija, nitakupokea mwenyewe. Utakaa mbele na sanduku lako litakuwa na kiti chake.

Hasara ndizo sizijui vizuri. Wewe ndiye unayeyaosha magari hayo huko kabla hayajapakiwa melini, umeyaona yakiwa uchi. Niambie ukweli, usinionee haya.

Mimi ninayekuwaza,
Baba yako

2 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu vya kazini mguuni. Sijambo, kifua kimetulia, na chakula nakula, acha uchokozi. Pole kwa sikio. Kwenye simu nilikuuliza kama umekwenda hospitali, ukanijibu ndiyo kwa sauti ya bwana harusi. Basi nenda kweli.

Tuje kwenye kibasi. Ngoja nikueleze kazi yangu ilivyo, ndipo utanielewa. Gari likiingia uwanjani kwetu linakuja na maisha ya watu ndani yake: kitana, soksi ya mtoto, maganda ya pipi, mwavuli uliovunjika. Mimi natoa vyote, navuta vumbi, nasugua, napuliza manukato. Nikimaliza hutajua kama kuna binadamu aliwahi kulipanda. Kwa hiyo mng'aro usikutie wazimu, Baba, huo mng'aro ni mimi. Ukikuta zulia jipya, linyanyue, chini yake huwa kuna maji. Ukikuta gari linanukia sana, jiulize lilikuwa linanukaje. Mita ya kilomita usiisadiki hata ikuapie. Mpeleke fundi aingie chini agonge chuma kwa bisibisi, maana kutu ndiyo ugonjwa wa magari ya huku. Na spea zake mtazitoa wapi? Hata huku kwenyewe zinatafutwa kwa tochi.

Halafu upo wewe. Usinune. Sikio halisikii honi, na macho yako tunayajua, kabla sijaondoka ulimsalimia mwenye nyumba ukidhani ni mimi. Kodi gari siku ukiwa na mzigo, kisha umrudishie mwenyewe pamoja na matatizo yake.

Mimi nimepanga chumba na dada mmoja anayefanya kazi kiwanda cha mikate. Nikirudi, yeye keshatoka. Akirudi, mimi nimeshaondoka. Najua yupo kwa sababu nakuta kikombe chake kimelowa. Habari za Desemba tutaziongea, bado ni mbali.

Nenda hospitali.
Mwanao

29 Machi

Mwanangu mkaidi,

Marahaba. Nashukuru kwa afya yako, yangu ipo ipo. Barua yako imenihukumu kama hakimu, lakini nimeitii. Nilikwenda uwanjani na fundi wa gereji ya hapa mtaani, yule tunayemwita Kipara. Akaingia chini ya kibasi na bisibisi yake. Upande wa kushoto chuma kizima. Upande wa kulia bisibisi ikazama kama ameichomeka kwenye papai. Zulia lilikuwa jipya, tukalinyanyua, na maji yalikuwepo. Muuzaji, mtu mwenye ulimi wa asali, akasema huo ni umande. Kipara akamwuliza ni umande wa mwaka gani. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kuwa huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe keshakufa.

Hapo ningerudi nyumbani. Lakini wao wawili wakaanza kubishana, mimi miguu ikaniuma, nikapanda nikakaa kiti cha nyuma. Unajua mikono ya fundi haitulii. Nikapapasa ukingo wa kiti, nikakuta mahali palipochanika na kushonwa kwa mkono.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unapanda juu ya kreti la soda ndipo uifikie meza yangu. Nilikufundisha kwamba fundo halikai juu. Unaurudisha uzi chini ya mshono wake wenyewe mara mbili, kisha ncha unaizika ndani ya sponji, mteja asiione wala asiiguse. Mafundi wenzangu wananicheka kwa hilo, wanasema napoteza muda. Sijawahi kuliona kwa mtu mwingine. Sasa nimelikuta kwenye kiti cha gari lililotoka huko uliko.

Ni wewe, mwanangu. Niliuwekea kidole mshono ule nikakaa, mpaka muuzaji akaja kuniuliza kama najisikia vibaya.

Kutu itazibwa, maji yatakauka. Kibasi nakitaka, na nimeshamwambia asimwuzie mtu. Andika upesi unithibitishie tu. Na habari za Desemba umenikwepa, nimeona.

Baba yako

11 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Sijapata barua. Nimejipa moyo kwamba ni posta, halafu nikawaza kifua chako, halafu nikarudi kwenye posta. Kama unaumwa, mwambie huyo dada wa mikate aniandikie. Mimi sijambo.

Nilikutaka tupime faida na hasara, basi acha nipime bila kutia chumvi. Ile hoja ya makochi ifute. Hakuna makochi. Watu siku hizi wananunua yaliyo tayari dukani, yaliyofungwa kwa nailoni, na yakilegea wanayatupa. Kochi la mwisho nililoshona lipo karakana, mwenyewe hajaja kulichukua, na paka wa jirani ndiye analilalia. Yule mwenye mkokoteni hajapandisha mabega. Tukionana ananiuliza tu kama nimepata kazi, nami naona haya.

Faida iliyobaki ni moja. Kila siku baada ya kula natembea hadi uwanjani, muuzaji ananifungulia mlango, na nikikaa kwenye kile kiti nahisi tumekaa wawili. Nyumbani sina hilo. Tangu mama yako atutoke na wewe ukaondoka, nyumba imekuwa kubwa kuliko ilivyojengwa. Mtu akigonga mlango sisikii, kwa hiyo watu wameacha kugonga.

Muuzaji anasema amejitokeza mteja mwingine, anataka jibu langu kabla ya mwisho wa Juni. Niandikie hata mstari mmoja. Ni wewe?

Baba yako

3 Juni

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Siumwi. Nilichelewa kwa sababu ya woga. Nilishaandika barua ya kukuambia ni mimi, nikaifunga na kuibandika stempu, na asubuhi yake nikaichana. Nikaandika nyingine kama hiyo, nayo nikaichana. Ingekuwa rahisi sana, Baba. Ungefurahi, nami ningefurahi kwa furaha yako. Kisha ungelipeleka barabarani gari lililooza kwa sababu ya uongo wangu.

Si mimi. Kazini kwetu hakuna anayeshona. Kiti kikichanika kinavalishwa kava, gari linasonga, linakuja jingine. Mshono ule ni wa mtu nisiyemjua, wa siku ambazo kibasi hicho kilikuwa na wenyewe. Labda naye alifundishwa na baba yake. Mimi sindano sijaishika tangu nifike huku.

Lipo jingine, na hili ndilo limenilaza macho. Mwezi wa kwanza nilipopiga simu sikukuuliza habari za hospitali. Niliambiwa naweza kuongezewa mkataba wa miaka miwili, na ukiongeza hupewi ruhusa ya kusafiri mpaka uishe. Nilikuuliza nikubali au nirudi. Ukasema ndiyo, ndiyo. Nilijua hujasikia, Baba. Nilijua kabisa. Lakini nilikuwa nataka mtu mwingine aniamulie, basi nikaichukua hiyo ndiyo yako nikaenda kusaini. Desemba siji. Wala Desemba ya pili.

Usidhani huku najistarehesha. Jumapili uwanja ukiwa kimya naingia kwenye gari lolote lililo wazi, nakaa nyuma, nakula mkate wangu humo, maana chumbani naogopa kuisikia saa ya ukutani. Uliposema unakaa kwenye kiti cha kibasi ukahisi tuko wawili, niliweka barua chini nikalia kama mtoto. Mimi nakaa kwenye vile vile viti, na nahisi niko peke yangu.

Kibasi usikinunue. Ukikinunua, kisiwe kwa ajili yangu.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuweke. Hospitali nimekwenda kweli safari hii. Sikio la kushoto wamesema limekwisha kazi. La kulia watalijaribia kifaa, na nitakuwa nakivaa kama mzee mwenye cheo.

Kibasi hakipo. Amekichukua muuza mitungi ya gesi mwenye watoto wengi. Kipara amemwambia habari za kutu, naye akasema hata nyumba yake ina kutu na hawajambo. Kipara anasema watakutana tu gereji. Nilikuwepo kilipoondoka. Watoto waligombania kiti cha nyuma, wakakaa wanne pale pa watatu, na muuzaji akanipa mkono wa pole kama nimefiwa. Kesho yake baada ya kula nilijikuta nimeshavaa viatu, nikavivua.

Kuhusu mkataba. Ile ndiyo niliyoitoa bila kusikia, siidai. Kama ningekusikia siku ile ningesema hapana, rudi, na ungerudi, nawe ungekuwa umekaa nami karakana tukimtazama paka. Kwa hiyo huenda sikio limekufaa kuliko mimi. Lakini imeniuma, sitakuficha. Nimekasirika siku kadhaa, nikawa naongea peke yangu jikoni. Sasa hasira imekwisha, kilichobaki ni hamu tu ya kukuona.

Umeniambia ukweli, na mimi nina wa kwangu. Wewe ni wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa. Nilikufundisha kushona tukiwa tumekaa uso kwa uso, ili mikono yetu ilingane, na mshono wako umekuwa ukilalia kushoto siku zote. Ule wa kwenye kibasi ulilalia kulia. Niliuona hivyo siku ile ile, kabla sijainuka kwenye kiti, kabla Kipara hajamaliza kubishana. Nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu, nikakuandikia kwamba ni wewe. Nilitaka useme ndiyo, nami ningeiamini.

Sasa hakuna gari la kupima faida wala hasara, na sina la kukuuliza. Niandikie hivyo hivyo.

Baba yako