Kitabu cha Vipuri na Mzee wa Lusewa

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kuku wa bibi yako ameatamia kwenye kiti changu, nami sasa nakula nimesimama. Wengine wote hapa Songea ni wazima.

Unauliza kama kurasa za marejeo, ambazo kompyuta inazitoa yenyewe kutoka kwenye programu yenu, zinatosha kwenye tovuti ya maelezo. Ziweke, mama, maana hazisahau kitu. Ila hazitoshi.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara nilianzisha duka la vipuri vya mashine za kusaga. Nilikuwa na kitabu cha kiwandani chenye picha ya kila kipuri, nikajiona profesa. Mteja wa kwanza alitoka Lusewa. Mashine yake imeharibika, wateja wake wanahamia kwa jirani. Nikamsukumia kitabu. "Chagua, mzee!"

Akafunua, akafunua, akakifunga. "Kijana, ningejua kilichoharibika ningekuuliza wewe?" Akaanza kuondoka.

Msichana aliyekuja kununua mafuta ya cherehani akamwita. "Baba, kwani inafanyaje?"

"Inatoa chenga tupu, unga hakuna."

"Basi tutafute picha za vinavyosaga." Wakafika kwenye nyundo, vile vyuma vinavyoponda mahindi ndani ya mashine, mzee akatambua kuwa zake zimelika.

Kwa hiyo mlangoni mwa kurasa zenu andikeni shida za watu, kila shida ielekeze kwenye ukurasa wake.

Huwa najisifu kwamba siku ile niliuza nyundo. Ukweli ni kwamba aliuza bibi yako, nami nikasahau kumpa mafuta yake. Alirudi kesho yake kuyadai, na hajaacha kunidai mpaka leo.

Babu yako