Chungu Tulichozaliwa Nacho

Al-Hamra, Jeddah
7 Machi 2014

Pacha wangu Danson,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa ngazi za nyumba hii. Wewe na wenzako hapo Shumaisi mnaendeleaje? Barua hii nampa Hezron, dereva wetu anayetumwa Riyadh mara kwa mara, kwa sababu simu madam hunipa Ijumaa pekee, na dakika hizo chache ni za mama.

Juzi madam na mumewe walirudi kutoka matembezini Kenya. Nikifungua mizigo, nikakuta chungu cha midomo miwili. Kimepakwa vanishi na kuchorwa twiga, lakini mistari ya shingoni ni ya mama, ile anayoichora kwa gunzi la mahindi. Madam anasema vya aina hii vimejaa kando ya barabara, watalii wanachagua.

Danson, mama alifinyanga kimoja tu, wiki tuliyozaliwa, wazee wa upande wa baba na wa mama wakanywea pamoja. Hakikuwa cha kuuzwa wala kuigwa. Kilipopotea, wewe ulimwambia mama nilikiangusha nikifagia, na kwamba vigae ulivitupa chooni. Nilikana hadi nikachoka. Tangu siku hiyo mama hakuniruhusu kugusa udongo wake. Sijawahi kukuuliza. Leo nauliza.

Pacha wako,
Priscah

Al-Shumaisi, Riyadh
18 Aprili 2014

Mpendwa dada yangu Priscah,

Salamu baada ya kimya. Naomba mgongo uwe umepata nafuu. Hezron alikuja mara mbili kuchukua majibu nikamwambia sijamaliza kuandika. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeanza.

Nilikiuza mimi. Ajenti wa kazi za huku alinitaka Nairobi kesho yake na sikuwa na nauli. Jeremiah, yule wa duka la vinyago, alikuwa amekiona siku ya mazishi ya babu akakitamani. Nilikifunga kwa shuka nikampelekea asubuhi ukiwa kisimani. Nikadhani kitaenda Ulaya na hakuna atakayekiona tena. Mama aliponiuliza, jina lako ndilo lililonitoka mdomoni.

Nimeendesha gari miaka miwili hapa nikijiambia nitakwambia nikipata likizo. Likizo nilipewa mwaka jana, sikwenda. Nisamehe.

Ndugu yako,
Danson

Al-Hamra, Jeddah
2 Mei 2014

Danson,

Nimepata barua yako. Niko salama.

Mimi nilikuwa nataka kufinyanga. Kama ningekuwa na udongo nisingekuwa huku nasugua vyoo vya watu. Usiniombe msamaha kwanza. Mpigie mama umwambie, kisha uniandikie alivyosema, neno kwa neno.

Priscah

Al-Shumaisi, Riyadh
16 Mei 2014

Dada yangu,

Natumaini uko salama. Nilimpigia mama Jumapili alipotoka kanisani. Nilimweleza yote. Akasema: "Najua, Danson. Jeremiah aliniletea siku ya tatu, akauliza kama naweza kutengeneza kingine kama hicho. Cha kwanza cha watalii nilikifinyanga mimi."

Anasema vilipendwa, akawafundisha akina mama wa kanisani, ndiyo sasa vimejaa barabarani. Nikamuuliza kwa nini basi alikuacha na lawama. Akasema alikuwa akivifinyangia nyuma ya duka la Jeremiah, na kama ungekaa naye kwenye udongo ungeviona, ukajua anauza kisichouzwa. "Ningemwambia nini?" akaniuliza. Nikamwambia mimi ndiye niliyeanza.

Anataka kuongea nawe. Sijui nikuombe nini, Priscah. Kula vizuri.

Ndugu yako,
Danson

Al-Hamra, Jeddah
6 Juni 2014

Danson,

Salamu. Mgongo umepoa.

Mama aliongea nami Ijumaa, dakika zote. Alilia. Akasema nikirudi Desemba mkataba ukiisha atanifundisha, tena atanijengea tanuri langu mwenyewe. Nilimsikiliza hadi madam akanyoosha mkono kutaka simu.

Kesho yake madam aliniuliza kama nitaongeza miaka miwili, kwa kuwa kafili, yaani mumewe anayenidhamini, anataka kushughulikia ikama, kibali changu cha kukaa, mapema. Nimekubali. Mama bado hajui. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe, nikijua namna ya kumwambia bila kumuumiza, au nikiacha kujali kama ataumia.

Hezron amehamishiwa Dammam, na hii ndiyo ya mwisho anayokuletea; baada yake hakuna tena wa kuleta barua.

Priscah