Jivu Ulilolichekecha

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna wa kuniitikia, na hata ungekuwa hai barua hii ungempa mtu akusomee. Naandika hivyo hivyo, kwa herufi za Kiarabu tulizofunzwa chuoni, nimekaa barazani kwa wakwe zangu hapa Waa, mjukuu wako amelala mapajani. Ana siku arobaini na tatu. Nina hasira nawe, mama, na leo nataka uzisikie kabla sijakusamehe.

Unakumbuka Gazi, nyumba yetu ya makuti nyuma ya kisima? Asubuhi tulikuwa tukitwanga pamoja kwenye kinu kimoja, mchi wako ukishuka wangu ukipanda. Mtu akipita akasema, "Mashaallah, binti amekua," ulikuwa ukitema mate pembeni na kumjibu, "Huyu? Huyu takataka tu, kaokotwa jaani." Watu wakicheka, nami nikicheka nao. Jina langu la akika ni Zuhura, lakini hukuniita hivyo hata siku moja. Uliniita Mwanajaa, mtoto wa jaa la taka, na kijiji kizima kikafuata.

Kisa chenyewe nilikijua tangu mdogo. Kabla yangu ulizika watoto watatu. Nilipozaliwa mimi ukafanya wanavyofanya wanawake waliofiwa sana: ukanifunga kaniki, ukanilaza jaani, jirani yetu Bi Mwanatumu akapita akaniokota kama kitu kilichotupwa, kisha akakukabidhi uninyonyeshe kana kwamba mimi ni wake. Kifo, mlisema, hutafuta kinachopendwa, takataka hakiigusi. Ilikuwa hila ya kukidanganya kifo. Wala hamkukumbuka kwamba nami nilikuwa na masikio.

Basi nikaamini. Nikivaa kanga mpya niliona imekosea mtu. Nilipochumbiwa nilijiuliza mwanamume huyu amekosa nini hata anitake mimi. Hamisi akichelewa kurudi kutoka mashamba ya miwa Ramisi, moyoni nilikuwa nimekwisha kupewa talaka, akaingia na samaki mkononi akanikuta nimefunga nguo zangu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu hakucheka.

Halafu ile siku, mwaka aliotawazwa Malkia wa Waingereza, homa ilipokulaza. Nilikuletea uji. Ukageuza uso ukutani, ukawaambia wanawake waliokuuguza, "N'toleeni takataka hii humu ndani." Wakanishika mkono wakanitoa. Nilikaa jikoni na bakuli langu mpaka niliposikia kilio. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, nami nimekaa nayo miaka mitano.

Nimezika wawili, mama. Wa kwanza aliishi siku tisa, wa pili hakumaliza mwezi. Sikulia kama wenzangu wanavyolia. Niliona ni sawa tu, mtu kama mimi angekaaje na mtoto?

Alipozaliwa huyu wa tatu, mama mkwe alinijia taratibu, maana si mtu mbaya. "Mwanangu, safari hii tumpeleke jaani. Mamako alifanya, nawe u hai." Akatuma Gazi aletwe Bi Mwanatumu, aokote kwa mkono ule ule. Bibi wa watu akaja na mkongojo wake, macho yameingia ukungu. Jioni, tulipobaki wawili, nikamuuliza kile nilichoogopa kukuuliza wewe: mama alinichukia kwa nini?

Alitafuna tambuu yake kwanza.

"Mamako? Mamako alikwenda lile jaa alfajiri na chekecheke lake la unga, akalichekecha jivu lote, asiache kifuu wala mwiba wa kukuchoma. Kisha ada yamtaka mama aende zake asitazame nyuma. Yeye alijibanza nyuma ya choo akikutazama. Siafu wakamla miguu, na hakusogea mpaka nikakuinua."

"Na siku aliyokufa?"

"Kifo kilikuwa chumbani, mwanangu. Hakutaka kikuone."

Nililia mpaka mama mkwe akaja kutazama kuna nini. Nililia kwa furaha, na kwa hasira pia.

Kesho yake nilichekecha jivu, mama. Nilifanya ulivyofanya, nikamlaza mwanangu, nikageuka. Nilipiga hatua nne. Bi Mwanatumu alikuwa amekwisha kuanza kuja na mkongojo wake. Nikarudi nikamwinua mwenyewe, na mbele yao wote nikamwambia, "Rehema, wewe ni mwanangu, na wewe ni mzuri." Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kanga, na tangu siku hiyo ananisemesha kwa shida. Rehema akifa, watasema nimemuua mimi. Nami nitasema hivyo hivyo.

Usidhani nimepona. Juzi alikohoa kidogo, na papo hapo nikasikia moyoni: takataka haikai na kitu kizuri. Zamani ningekwenda kutafuta kitambaa cha sanda. Safari hii nilijiuliza neno hili nimelipata wapi, nikakumbuka nimelipata kinywani mwako, na wewe mwenyewe hukuliamini. Nikakaa nalo hivyo, nikimnyonyesha, mpaka likapungua. Halikwisha. Asubuhi lilirudi, nikaanza upya.

Nimekusamehe ile hila, maana kwa woga wangu nami nilifika mpaka jaani. Kitu kimoja tu bado kinaniuma. Tulikuwa tukilala mkeka mmoja, mama, mdomo wako karibu na sikio langu, miaka yote ile. Ungeninong'oneza mara moja tu.

Leo nimemwambia Rehema mara tatu kwamba ni mzuri. Mbili nimemnong'oneza, kwa kuwa bado naogopa. Ya tatu nimesema kwa sauti, mama mkwe akipita uani, naye amesimama kidogo, kisha akaendelea na ndoo yake.

Mungu akulaze pema, na miguu yako ile iliyoliwa na siafu aipumzishe.

Mwanao wa kumzaa,
Zuhura